Usukani mzito unaolia: je, pampu ndiyo imekufa?

SWALI: Nina Toyota Noah ya mwaka 2000. Usukani huwa mzito ninapoegesha gari, hasa asubuhi, na pampu hulia kwa mvumo. Mafuta ya steringi nimeshayaongeza zaidi ya mara moja. Fundi ananishauri ninunue pampu. Je, ni sahihi?

JIBU: Pampu usiinunue kwanza. Mafuta ya steringi huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa na wala hayaungui kama petroli, kwa hiyo yakipungua maana yake yanavuja mahali, na pampu mpya itakayofungwa kwenye mfumo unaovuja nayo italia vilevile.

Fungua kifuniko cha kopo la mafuta mara tu baada ya kuzima injini. Ukikuta povu, mfumo unavuta hewa, na mara nyingi huivutia kwenye hozi ya kutoka kopo kwenda kwenye pampu, au kwenye oringi yake (pete ya raba ya kuziba kiungo) iliyokakamaa kwa umri. Upande huo hauna presha, hivyo unaweza kuingiza hewa bila kudondosha mafuta mengi chini, na asubuhi mvumo huzidi kwa kuwa mafuta ya baridi ni mazito na pampu huyavuta kwa shida. Kagua pia raba zinazofunika ncha za raki, yaani mtambo unaogeuza magurudumu ya mbele, kwa kuziminya: zikiwa na mafuta ndani, sili za raki (raba za kuzuia mafuta yasitoke) zimekwisha.

Mlio mkali wa ghafla, unaotokea usukani unapofika mwisho wa kona, ni wa mkanda uliolegea au uliochakaa, na tiba yake ni nafuu kuliko zote. Upepo mdogo kwenye matairi ya mbele nao hufanya usukani uwe mzito, jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza kwa sababu halilipi.

Kisha nyanyua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka stendi imara, na uzungushe usukani injini ikiwa imezimwa. Ukigoma au ukikwama sehemu fulani tu, tafuta kasoro kwenye boljointi, beringi za shokapu au jointi za nguzo ya usukani, si kwenye mafuta.

Ikiwa hayo yote ni mazima, ndipo ipimwe presha. Fundi mwenye geji ya presha huiunganisha, pamoja na vali yake, kati ya pampu na raki. Akifunga vali kwa sekunde chache tu, zisizozidi 10, na presha isifikie kiwango cha kitabu cha gari, pampu imechoka kweli. Ikifika vizuri vali ikiwa imefungwa, lakini ikashuka vali ikiwa wazi na usukani umekatwa hadi mwisho, mafuta yanapenya ndani ya raki, na pampu haina kosa lolote. Fundi anayehukumu pampu bila kipimo hiki anabahatisha kwa fedha zako.

Kwa gari lako tumia mafuta aina ya Dexron II au III. Mafuta ya breki yasiguse kopo hilo kamwe, kwani huharibu sili. Baada ya kuziba panapovuja, jaza kopo, nyanyua magurudumu ya mbele, na uzungushe usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, huku ukiongeza mafuta, mpaka mapovu yaishe ndipo uwashe.