Maswali na majibu: Umetolewa bandama? Homa yako haisubiri asubuhi

Nilitolewa bandama mwaka juzi baada ya ajali ya bodaboda. Tangu jana jioni nina homa na baridi. Nimepima malaria ikaonekana, nimeanza mseto. Niendelee kupumzika nyumbani?

Hapana. Nenda hospitali sasa hivi, haya mengine utayasoma njiani. Swali hili linarudi kila mara kwa sura tofauti, na kila mara muulizaji ameshapoteza usiku mzima.

Bandama, ambayo wengine huiita wengu, ndiyo chujio la damu. Kuna bakteria wenye ganda la sukari, hasa nimokokasi anayeleta nimonia, ambao huziponyoka chembe nyingine za kinga. Bandama ndiyo inayowanasa. Isipokuwepo, wanazaliana ndani ya damu bila kizuizi. Mgonjwa anaanza na homa, kutetemeka, kutapika na mwili kuuma, dalili zilezile za malaria, na ndani ya saa 24 hadi 48 presha imeporomoka na figo zimegoma. Ikifikia hapo, karibu nusu ya wagonjwa hufa hata wakiwa wodini.

Sasa hiyo malaria. MRDT nyingi (vipimo vya haraka vya malaria) husoma protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Asiye na bandama hukaa na mabaki ya vimelea waliokufa muda mrefu zaidi. Tena hata kama malaria ni ya kweli, kwako huwa kali, na bakteria anaweza kuwepo pamoja nayo. Mistari miwili kwenye kipimo isimzuie mtu kukutibu yote mawili. Wala usijitulize na panadol: inashusha joto, bakteria wanaendelea.

Kila asiye na bandama anapaswa kuwa na antibayotiki ya akiba aliyoandikiwa na daktari wake. Kwa mtu mzima asiye na mzio wa penisilini mara nyingi ni amoksisilini yenye klavulaneti, kidonge cha miligramu 875/125, ambacho pakiti nyingi huandikwa gramu 1. Kiache ndani ya foili yake maana unyevu hukiharibu, na angalia tarehe ya kuisha muda. Joto likifika 38, au baridi ikikutetemesha hata kama huna kipimajoto, meza dozi ya kwanza kisha toka nyumbani. Kidonge hicho ni cha kukuvusha barabarani tu. Wanaomeza, wakapata nafuu kidogo na kulala, ndio tunaowapoteza. Hospitalini usikae kwenye foleni kimya, mwambie wa kwanza kukupokea: "Sina bandama, nina homa." Maneno hayohayo yaandike kwenye kadi ikae pamoja na kitambulisho chako, ukizidiwa isomwe na mwingine. Damu ichukuliwe ya kuotesha bakteria maabara, na antibayotiki ya seftriaksoni ya mshipa ianze papo hapo, majibu ya maabara yafuate.

Nilichomwa chanjo moja baada ya upasuaji. Nimemaliza?

Bado. Unahitaji kinga ya nimokokasi, ya homa ya uti wa mgongo (meningokokasi), ya Hib (bakteria mwingine mwenye ganda) kama hukuwahi kuipata, na ya mafua kila mwaka.

Upasuaji ukiwa wa kupangwa, chanjo zitangulie kwa angalau wiki 2. Ukiwa wa dharura, ngoja siku ya 14, kwa sababu mwili uliotoka kwenye kisu haujengi kinga vizuri. Lakini kama kuna wasiwasi kwamba mgonjwa hatarudi, achomwe kabla ya kuruhusiwa. Wapasuaji, hili ni lenu: kumruhusu mtu na karatasi inayosema "rudi kutoa nyuzi" pekee ni kumwacha wazi maisha yake yote.

Mpangilio una maana. Kwa nimokokasi kuna chanjo za aina mbili, PCV na PPSV23. PCV huanza, na PPSV23 hufuata baada ya wiki 8, kisha hurudiwa baada ya miaka 5. Ukipata PCV20, ambayo ni PCV yenye aina 20 za nimokokasi, hiyo PPSV23 haihitajiki. Ukianza na PPSV23 inabidi usubiri mwaka mzima kabla ya PCV. Ya meningokokasi ni ACWY (herufi za aina nne za bakteria huyo), dozi 2 zikipishana wiki 8, kisha moja kila miaka 5. Ndiyo hiyo wanayochomwa mahujaji, kwa hiyo iulizie wanapochanjiwa wasafiri.

Na ujue chanjo hazifuniki aina zote za nimokokasi. Homa inabaki kuwa dharura.

Mwanangu wa miaka 3 ana seli mundu, hajawahi kupasuliwa. Kwa nini penisilini kila siku?

Kwa sababu bandama yake inakufa yenyewe. Chembe zilizojikunja huziba mishipa yake midogo, na kwa watoto wengi, wakifika miaka 5 haifanyi kazi tena. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha penisilini ya kila siku inapunguza maambukizi ya nimokokasi kwa asilimia 84.

Penisilini V ni miligramu 125 mara mbili kwa siku chini ya miaka 3, kisha 250 mara mbili, hadi afike 5 angalau. Aliyewahi kupata nimokokasi kwenye damu, au aliyetolewa bandama, asiachishwe kwa kufikisha 5 tu. Ikikosekana dukani, mrudie daktari siku hiyohiyo akupe mbadala. Usiache pengo la wiki.

Nile nini kurudisha kinga ya bandama?

Hakuna chakula, mlonge wala juisi inayofanya kazi hiyo.

Nimeng'atwa na mbwa wa jirani. Sindano ya kichaa cha mbwa inatosha?

Kwako haitoshi. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, fuata chanjo ya kichaa cha mbwa, na udai antibayotiki hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mate ya mbwa yana bakteria aitwaye Capnocytophaga, ambaye mwenye bandama mara nyingi hamsumbui, asiye nayo anaweza kumuua.

Ninaweza kufunga Ramadhani nikiwa kwenye penisilini?

Ndiyo. Dozi moja wakati wa daku, nyingine wakati wa futari. Homa ikikupata mchana, fungua hapohapo, meza ya akiba na uende hospitali. Siku hiyo utailipa.