Unaanza kuchangia ardhioevu? Uliza kwanza habari za maji

Wachangiaji wapya huvutwa sana na maombi ya kununua ardhioevu, yaani vinamasi na mabwawa wanakoishi ndege wa majini. Si vibaya, maana bwawa lisilolindwa kisheria linaweza kukaushwa likawa shamba. Lakini eneo lililonunuliwa bila fungu la matunzo huharibika taratibu: mitaro ya zamani huendelea kuyavuta maji, matete husongamana mpaka bata hawana pa kutua. Hivyo muulize mwombaji yeyote: mkishanunua, maji yatasimamiwa na nani, na kwa fedha ipi?

Maji ndiyo kazi yenyewe. Bata wanaokula kichwa chini mkia juu hawafikii chakula kilicho mbali chini. Wengi hulishia penye kina kisichozidi sentimita 30 hivi, na ndege wadogo wa matopeni huhitaji sentimita chache tu. Kwa hiyo wasimamizi huyashusha maji polepole katika msimu wa kuota mimea ili mbegu zilizolala kwenye tope zichipue, kisha huyarudisha kabla ya ndege wahamao kufika. Yakishushwa kwa haraka, tope hukauka na kupasuka kabla miche haijashika. Yakiachwa katika kina kilekile mwaka baada ya mwaka, mimea ya mbegu hupungua. Na mbegu pekee hazitoshi, kwani vifaranga wengi wa bata hutegemea wadudu wa majini katika wiki zao za mwanzo. Yote haya yanataka lango la maji lenye mbao za kupachika na kuchomoa, pampu, mafuta, na mtu wa kusoma kipimo cha kina. Vitu hivi havipendezi kwenye picha, ndiyo maana hukosa wafadhili.

Ndiyo maana pia tunashauri mchango mdogo wa kila mwezi usiofungwa kwenye mradi mmoja. Ukiufunga kwa aina moja ya ndege, siku tuta la kuzuia maji litakapobomoka fedha hiyo haitaruhusiwa kuliziba.

Marekani kuna stempu ya bata, ambayo wawindaji wa ndege wa majini hutakiwa kuinunua, iliyoanzishwa mwaka 1934. Katika kila dola, senti 98 huenda kununua au kukodi makazi ya ndege, na hata asiyewinda anaweza kuinunua. Ni njia safi sana ya kupata ardhi. Tenga na kiasi kingine cha kuitunza. Vilevile, eneo kuwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa 1971, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ni ahadi ya nchi husika, si dalili kwamba lina fedha.

Soma hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Usilikimbie shirika kwa sababu ya mishahara, kwani lango la maji halijifungui lenyewe. Tafuta hekta zilizorudishiwa maji na idadi ya ndege iliyohesabiwa kwa njia ileile, msimu uleule. Ndege hufuata mvua, kwa hiyo mwaka mmoja wa uhaba haumaanishi kazi imeshindwa.

Mwisho, uliza kama lipo fungu la dharura. Botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria, huzuka hasa kwenye maji ya joto yaliyopungukiwa oksijeni. Bata hufa, mizoga huzaa funza wenye sumu, bata wengine huwala funza hao nao hufa. Mizoga iondolewe mapema, na hapo huhitajika boti, glavu na watu wa kulipwa wiki hiyohiyo, kabla ombi jipya la fedha halijaandikwa.