Na akikuambia usiende?

Bwana Yesu asifiwe. Nawaandikia ninyi mliookoka mwaka huu au mwaka jana, mnaobaki darasani Jumapili baada ya ibada ya pili na swali lilelile mnalolivalisha nguo tofauti kila wiki: nitajuaje kama ni Mungu? Kazi hii au ile, binti huyu au yule, nihame au nibaki. Mimi nimekaa kwenye wokovu miaka ipatayo ishirini, na mengi ninayoyajua kuhusu swali hilo niliyajua kwa kukosea.

Mwaka 2011 nilikuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, Tukuyu. Mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuja kila mwezi. Nikaingiwa na hamu ya kuhamia Dar es Salaam. Sikuiita hamu, niliiita mzigo. Sisi walokole tuna maneno mazuri ya kusitiria tamaa. Kwenye mkesha mmoja mhubiri mgeni akasema yupo mtu hapa ambaye Mungu anamhamisha mwaka huu. Ukumbi ulikuwa umejaa, na mikono iliyonyooka haikuwa mmoja wala miwili, lakini mimi nilijua ni mimi. Nikafunga siku tatu kuutafuta uso wa Bwana.

Siku ya tatu jioni nikaenda kwa mzee mmoja wa kanisa, fundi seremala, ili tuombe pamoja. Nilimkuta anapiga randa ubao wa mlango. Aliniacha nimalize yote: mkesha, mzigo, ndoto niliyoota nikitembea ufukweni. Akapangusa maranda kwenye benchi kwa kiganja, akauliza, "Mwenye nyumba umeshamwambia?" Nikamjibu kwamba nimeshampa notisi, na kitanda nimeshauza. Akaniangalia. "Sasa mwanangu, na akikuambia usiende, utalala wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tukaomba, na Jumatatu nikapanda basi.

Baada ya miezi minane nilirudi na begi moja na deni la watu wawili. Hakuna aliyenidhulumu huko. Nilikuwa nimekwenda mahali ambapo sikuwa na kazi, sikuwa na ndugu wa karibu, wala sikuwa na akiba, nikiamini kwamba kwa kuwa nimefunga siku tatu, Mungu amebanwa. Kumbe zile siku tatu sikuwa natafuta njia. Nilikuwa natafuta muhuri wa kupiga kwenye barua niliyokwisha kuiandika.

Miaka kadhaa baadaye nikajikuta ndani ya Biblia. Someni Yeremia 42 kwa utulivu, halafu mrudi nyuma mistari miwili mitatu. Yerusalemu imeanguka, Gedalia, liwali aliyewekwa na Wababeli, ameuawa, na mabaki ya watu wakiongozwa na Yohanani mwana wa Karea wanamjia Yeremia wakimsihi awaombee kwa Mungu wapate kujua njia ya kuiendea. Wanaapa kabisa kwamba watatii, liwe jema liwe baya. Ukisoma hapo tu utasema hawa ni watu wa maombi. Lakini mwisho wa sura ya 41 unaonyesha kwamba walipokuwa wanaapa hivyo, walikuwa wamekwisha kupiga kambi karibu na Bethlehemu, shabaha yao ni Misri. Hema zimeelekea huko. Yeremia akaomba, na baada ya siku kumi jibu likaja: kaeni hapahapa, msiende Misri. Wakamwambia nini? Kwamba anasema uongo. Wakaenda Misri, na nabii wakambeba humohumo.

Mambo mawili hapo yalinishika shati. La kwanza ni zile siku kumi. Nabii mzima, aliyeitwa tangu tumboni, alingoja siku kumi kwa jambo la watu kufa na kupona. Sisi tunataka jibu kabla mkesha haujaisha, tuwahi daladala ya alfajiri. La pili ni zile hema. Kabla hujaniuliza Mungu anasema nini, niambie hema yako umeipiga wapi. Umeshalipa kodi ya huko? Umeshamwambia mama? Umeshatuma picha kwenye kundi la familia? Hayo si dhambi, ila yanaziba masikio.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa daftari. Nunueni daftari la kawaida. Ukurasa wa kushoto andika tarehe na jambo unaloombea. Ukurasa wa kulia andika kile unachokitaka wewe, bila kukipaka manukato: nataka kuondoka kwa sababu nimechoka kuonekana masikini mbele ya wenzangu niliosoma nao. Nilipoanza kuandika hivyo niliona aibu, lakini maombi yangu yakabadilika, maana nilikuwa na kitu cha kuweka mezani. Bwana wetu mwenyewe Gethsemane hakuficha alichokitaka. Aliomba kikombe kimwepuke, kisha akasema "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe". Wengi wetu tunarukia sehemu ya pili, na hatujawahi kuisema ya kwanza kwa ukweli.

Sasa hizi njia za mkato. Kufungua Biblia huku umefumba macho na kuweka kidole: mimi nilifanya hivyo kabla ya safari, na kidole kikaangukia Mwanzo 12, Abramu anaambiwa atoke katika nchi yake. Nikalia machozi. Baadaye nikakumbuka kwamba wiki nzima nilikuwa nasoma sura hiyohiyo, na Biblia yangu ya gundi hafifu ilikuwa imeshazoea kufunguka hapo. Na ngozi ya Gideoni, ile aliyoianika usiku ili umande uwe ishara ya Mungu? Someni Waamuzi 6 yote. Gideoni alikuwa ameshaambiwa waziwazi la kufanya kabla hajaanika ngozi yoyote, na mara ya pili anaomba huku akimsihi Mungu asimkasirikie. Ile ni huruma ya Mungu kwa mtu mwoga, si kanuni ya kuigiwa na kila anayetaka kununua pikipiki.

Unabii msiudharau. Paulo anawaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na pumzi hiyohiyo anasema wajaribu mambo yote. Mimi nilishika nusu ya kwanza. Siku hizi nikiambiwa neno, nalipeleka kwa mtu asiyepata faida wala hasara nikienda au nikibaki, na ambaye haoni haya kuniudhi. Nyote mnaye mtu wa namna hiyo, na mara nyingi ndiye mnayemkwepa.

Tena mapenzi ya Mungu mengi hayakufichwa. Waraka huohuo umeyaandika kwa jina: kutakaswa kwenu, mwepukane na uasherati, shukuruni kwa kila jambo. Hapo hapahitaji mkesha. Nimeona kijana akifunga wiki nzima ili ajue Mungu anamwita kwenye huduma gani, na wakati huohuo hajarudisha hela ya mwenzake ya mwezi wa nne. Rudisha kwanza hela, ndugu yangu.

Niliporudi Tukuyu sikupata kazi ya stoo tena. Nilikaa miaka mitatu nikibeba mizigo gulioni na kusaidia shamba la mkwe wangu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa neno saburi, ambalo Biblia yetu ya Union inalitofautisha na uvumilivu. Nionavyo mimi, uvumilivu unamhusu mtu, yule anayekukera na kesho yupo palepale. Saburi inahusu jambo, lile lisilosogea. Unaweza kuwa na kimoja ukakosa kingine. Mimi nilikuwa nangoja kazi kwa upole kabisa, huku nikimfokea mke wangu kwa ajili ya chumvi.

Mkwe alikuwa amenipa miche ishirini ya parachichi za kubebesha, aina ya Hass. Mwaka wa pili ikachanua. Asubuhi nilipoiona nilipiga hesabu ya kilo na bei kabla sijafika mwisho wa mstari. Mzee akaja na fimbo yake, akasimama kwenye mche wa kwanza, akaanza kuyatoa maua kwa vidole, taratibu, moja baada ya jingine. Akaenda wa pili. Nilimfuata nyuma nikilalamika kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Alipofika mche wa saba hivi ndipo akanijibu: mti huu haujawa na mikono ya kubeba, ukizaa sasa utadumaa, na tawi litakatika likiwa na matunda yake. Akanionyesha shina. Halikuzidi unene wa kidole gumba changu. Ile iliyobaki nikaichuma maua mwenyewe, na sikuongea.

Siwezi kusema kwa hakika kwamba Mungu alinichuma maua mwaka ule wa Dar es Salaam. Labda nilijichuma mwenyewe. Ila tangu siku ile sikukimbilia kusema mlango uliofungwa umefungwa na adui.

Kungoja si kukaa. Yusufu gerezani alimwambia mnyweshaji waziwazi amkumbuke mbele ya Farao, yaani aliomba msaada kama mtu yeyote mwenye akili. Mnyweshaji akasahau, ikapita miaka miwili mizima. Yusufu aliuzwa akiwa na umri wa miaka 17 au zaidi kidogo, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Katikati hapo alifanya kazi ya nyumba ya Potifa na kazi ya gereza, na alizifanya vizuri. Kwa hiyo tumeni barua za maombi ya kazi. Jifunzeni kompyuta. Limeni.

Mwangalieni pia mfalme Sauli kule Gilgali. Nabii Samweli alimwambia amngoje siku saba, naye akangoja zote saba. Kilichomvunja ni kuona watu wanatawanyika, akatoa sadaka mwenyewe, na alipomaliza tu, Samweli huyo anaingia. Mara nyingi si muda unaotushinda, ni macho ya watu. Shangazi anauliza kwenye msiba, "Na wewe bado?"

Jambo moja nitalisema kwa ukali. Mtu akipigwa nyumbani, asiambiwe asubiri. Mtoto akiwa na homa, apelekwe hospitali usiku huohuo, mtaombea njiani. Neno subira limetumika kuwanyamazisha watu, hasa kina mama, na Mungu hakututuma hivyo.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa darasa letu alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akataka tufunge siku tatu tumwulize Bwana kama binti fulani ndiye. Nikavuta kiti, nikamwuliza swali la yule seremala: na akikuambia siye? Akatazama viatu vyake kwa muda. "Mahari tumepeleka juzi, mwalimu," akasema.

Basi tukaacha kuomba mwongozo, tukaiombea ndoa.