Kompyuta ya zamani nyumbani? Anza na brauza, antivairasi baadaye
Jamani wenye kompyuta za zamani, zile Dell na HP za mtumba zilizokaa sebuleni, watoto wanafanyia kazi za shule, mama anaangalia mapishi YouTube, leo naomba tuongelee brauza, yaani ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome. Huwa naitwa na ndugu na majirani kuwaangalizia mashine zao na karibu kila nikifika nakuta antivairasi ipo, nyingine imelipiwa kabisa, ila Chrome ni ya miaka ile. Na hatari yenyewe iko hapo, maana siku hizi benki, imeili, picha, fomu za serikali, vyote vinapita kwenye brauza.

Wengi wanaamini virusi unavipata ukidaunilodi kitu cha ajabu. Siyo lazima. Septemba 2023 lilitangazwa tundu la usalama kwenye libwebp, kile kipande cha programu kinachofungua picha za WebP (aina ya faili za picha za mtandaoni), na kilikuwa ndani ya Chrome, Firefox, Edge na programu nyingine kibao. Ukifungua ukurasa wenye picha iliyotengenezwa kwa ubaya imetosha, hujabonyeza kitu, na wahalifu walikuwa wameshaanza kulitumia. Watengenezaji wa brauza wakatoa apdeti ndani ya siku chache. Ambaye hakuapdeti, tundu analo mpaka leo, na sasa hivi kila mwenye nia mbaya anaweza kusoma linavyofanya kazi.

Kwa hiyo mimi nikikaa kwenye mashine ya mtu kwanza naenda vidoti vitatu juu kulia, Usaidizi, Kuhusu Google Chrome. Inajiangalia yenyewe na kujiapdeti, ila ikimaliza lazima uifunge uifungue upya, na hapa ndo wengi wanakwama, mtu ana kurasa kibao ziko wazi, kompyuta haizimi anailaza tu, apdeti imeshashuka inasubiri wiki nzima. Suala la bando nalielewa sana, ndo maana watu wanazima apdeti zote. Kama lazima ubane, bana video. Brauza iache.

Sasa ikikwambia haiwezi kuapdeti tena, angalia namba. Ukiona Chrome 109, hiyo ni ya Januari 2023 na ndo ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1, hata ufanyeje haisogei. Hapo weka Firefox 115 ESR (toleo la Firefox linalotunzwa kwa muda mrefu), watengenezaji wake Mozilla waliendelea kuitolea apdeti za usalama kwa ajili ya hizo Windows za zamani na muda wake wameuongeza zaidi ya mara moja, ila ichukue kama nafuu ya kukuvusha tu. Mambo ya benki kwenye Windows 7 mimi siyashauri kabisa. Windows 10 yenyewe Microsoft walisitisha apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ila brauza zake bado zinaapdeti, Edge wamesema itaendelea mpaka angalau Oktoba 2028, kwa hiyo usikimbilie kuuza mashine kwa hasara.

Kingine ambacho hakisemwi sana ni saa. Mashine za mezani zina kibetri cha CR2032 kwenye mazabodi (lile bodi kuu la ndani) kinachotunza saa, kikifa kila ukiwasha tarehe inarudi nyuma miaka, brauza inaona vyeti vya tovuti (vinavyothibitisha kuwa tovuti ni ya kweli) haviendani na tarehe na inakuwekea onyo kwamba muunganisho si salama kila mahali unapoingia. Mtu anazoea kubonyeza endelea, endelea, endelea, na siku akiletewa tovuti feki ya benki onyo analipita vilevile. Kibetri ni bei ndogo sana, badilisha, na watoto uwaambie onyo hilo halirukwi.

Eksitensheni, yaani vile viprogramu vya kuongezea kwenye brauza, nazo punguza. The Great Suspender ilipendwa sana na wenye RAM ndogo kwa sababu inalaza kurasa usizotumia, 2020 ikauzwa kwa mwenye mpya, Februari 2021 Google wakaiondoa kwa kuwa na vitu hatari ndani yake. Bakiza unazozitumia kweli. Na ukurasa wowote ukikwambia brauza yako imepitwa na wakati bonyeza hapa, funga, apdeti ya kweli inatoka ndani ya brauza yenyewe.

Kwa mashine ya Windows 7 yenye RAM ya GB 4 na prosesa ya biti 64 nachopenda zaidi ni kuweka Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure na mwepesi unaochukua nafasi ya Windows, brauza inaapdeti kama kawaida na watoto wanazoea haraka kuliko sisi. Iweke kwenye flashi, uiwashe kutoka humo bila kufuta chochote, ujaribu waifai na printa, maana printa za zamani ndo huwa zinasumbua, na kabla hujaiinstoli moja kwa moja picha za familia zihamishe kwenye hadidiski ya nje.