Jibu: Kuendesha lori hadi miaka 55

Salaam ndugu yangu. Umeuliza kama dereva wa miaka 38, mwenye maumivu ya mgongo na asiye na akiba, ataweza kuendesha lori Malaba–Kampala hadi afike 55. Niliendesha njia hiyo miaka 14. Sasa napanga safari za madereva hapa Tororo.

Kwanza angalia karatasi ya mshahara: unakatwa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda? Wewe hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza 10. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja anawajibika kuchangia. Usiridhike na maneno ya bosi, omba taarifa ya akaunti yako mwenyewe. Mwajiri wangu wa kwanza alinikata miaka 3 na hakupeleka hata shilingi moja. Mpaka leo inaniuma, ndiyo maana nakusisitizia. Ukiwa na 45 na umechangia miaka 10, unaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yako ya NSSF kabla ya kustaafu. Ukianza leo, miaka hiyo 10 itatimia ukiwa na 48.

Mgongo kaupime hospitalini, mimi si daktari. Kilichonisaidia ni kushuka na kutembea kila baada ya saa mbili, na kukataa safari za usiku mfululizo. Posho ilipungua, mke wangu akalalamika kweli, lakini usingizi ulirudi.

Halafu ile foleni ya malori pale mpakani Malaba, itumie. Mimi nilikaa na mawakala wa forodha nikajifunza makaratasi yao, na hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya ofisini mgongo ulipogoma. Una mkataba wa maandishi? Tuambie, tuendelee kutoka hapo.