Nyama ya moshi inapotoka chungu

SWALI: Ndugu Mshauri, nina tanuri la chuma lenye chumba cha moto ubavuni na bomba la moshi upande wa pili. Kila ninapokausha nyama kwa moshi, hutoka nyeusi na yenye uchungu unaokaa ulimini. Nimejaribu kuloweka kuni usiku kucha ili zifuke zaidi, na kuziba bomba ili moshi usipotee, lakini mambo yamezidi kuharibika, na joto nalo hupanda na kushuka ovyo. Ninakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, umejishughulisha mno na moshi na kuusahau moto. Ukuni hauungui kwa mkupuo mmoja. Kwanza maji yaliyomo hutoka kama mvuke, na kazi hiyo hula joto jingi. Kisha mti wenyewe huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazoshika moto na kufanya ndimi tunazoziona. Zikikosa hewa au joto la kutosha, hutoka zikiwa hazijaungua, nazo huwa ule moshi mweupe mzito unaowasha macho, uliobeba lami inayoganda juu ya nyama na kwenye kuta za tanuri. Uchungu unaoulalamikia ni wa lami hiyo. Moshi unaofaa ni mwembamba, wenye samawati hafifu, na pengine hauonekani kabisa, bali hutambulikana kwa harufu tu.

Kwa hiyo lifungue bomba lote, uliache hivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Joto likizidi, dawa yake ni kuwa na moto mdogo unaowaka vizuri, si moto mkubwa ulionyimwa pumzi. Anza kwa kutandaza makaa, uyaache yakolee, kisha uweke juu yake ukuni mmoja usiozidi sana unene wa kifundo cha mkono. Huo ukikaribia kuwa makaa, ongeza mwingine. Katika matanuri mengi hutokea kila baada ya dakika 30 hadi 45, ingawa macho yako ni mwongozo bora kuliko saa. Mimi huuweka ukuni unaofuata juu ya chumba cha moto ili upate joto mapema, maana ukuni wa baridi hufuka kwa muda mrefu kabla ya kuwaka. Unapouingiza, acha mlango wa chumba hicho wazi kidogo hadi ushike.

Lenga nyuzi 110 hadi 135 za Selsiasi, ukisoma kipimajoto kilichowekwa karibu na nyama, kwa kuwa kile cha kwenye kifuniko mara nyingi hudanganya. Joto likicheza kwa nyuzi kumi hivi juu au chini, tulia. Wengi huharibu moto mzuri kwa kuuchokonoa kila dakika.

Kuloweka kuni hakusaidii. Maji huishia karibu na uso wa mti, na unachopata ni mvuke na moto uliopoa. Tafuta kuni za miti migumu zilizokauka hadi unyevu wa asilimia 20 au chini yake: huwa na nyufa kwenye ncha, ni nyepesi kuliko unavyotarajia, na zikigonganishwa hutoa mlio mkavu. Epuka misonobari na miti mingine yenye utomvu mwingi. Mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa usizitumie kamwe, kwani moshi wake una sumu.

Nyama iingie baada ya moshi mweupe wa mwanzo kwisha, si kabla. Ikiwa ni kuku, hakikisha sehemu yake nene imefika nyuzi 74 ndani, hata kama ngozi imekwisha kupendeza.

Kabla ya jaribio lako lijalo, kwangua lami iliyoganda ndani ya tanuri na bomba, kisha uwashe moto mkali tanuri likiwa tupu. La sivyo, masalia hayo yatapata joto na kuirudishia nyama mpya harufu ileile ya zamani.