Mpigie Kwanza, Usisambaze

Januari 2008 uliingia ujumbe mfupi kwenye simu yangu: vijana wa kabila fulani wanakuja usiku kuchoma mtaa wetu hapa Nakuru. Niliusambaza kwa watu kumi na wawili. Usiku huo hakuja mtu, lakini shemeji yangu alikesha mlangoni na panga, na jirani tuliyekuwa tukikopeshana unga akahama, hajarudi mpaka leo. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya katika ghasia zile za baada ya uchaguzi. Sikumgusa mtu, ila ujumbe ule ulipita mkononi mwangu, na bado unaniuma.

Sasa niko kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wafanyabiashara: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wasomali. Tunaulizana bei ya viazi, nani ana gari la kushuka kutoka Eldoret, mtoto wa nani anaumwa. Mtu wa nje ataona ni porojo. Dada zangu, msizidharau porojo hizo. Huwezi kumpigia mtu saa tano usiku umuulize jambo zito ikiwa hujawahi kumuuliza hali ya mwanawe. Dekha Ibrahim Abdi, mpatanishi wa koo zilizokuwa zikipigana kule Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, miaka ya 1990, naye na wenzake walianzia sokoni, wakitaka mwanamke wa ukoo wowote auze na kununua bila kusumbuliwa.

Agosti 2022, tukingoja matokeo ya urais, ikaingia picha ya nyumba zinazowaka: "Burnt Forest, sasa hivi!" Nikampigia mwenzetu anayeuza maziwa katika mji huo, karibu na Eldoret. Akatoka nje, akanitumia picha yake: barabara tupu, bodaboda imefungwa mitungi ya maziwa, mbwa amelala kando. Nikaituma kila mahali nilipoiona ile ya moto.

La kusisitiza ni lugha. Hasira ikipanda, watu hurudi kwenye lugha ya mama, na wengine hubaki wakidhani wanasengenywa. Sisi tulikubaliana Kiswahili tu, hata tunapogombana. Aliyekosea usimkemee mbele ya wote. Mfuate pembeni, umrekodie sauti badala ya kuandika, asikie kwamba anayeongea ni dada yake.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Kama huna mtu wa jamii nyingine wa kumpigia usiku, mtafute mapema, umuulize mahindi yake yanaendeleaje.